Mwaka wa Siku ya Tatu

Tulimzika Khala Zuhura, mdogo wake mama, siku ya Ijumaa baada ya sala, na jioni yake nyumba yake ya mtaa wa Barani, Malindi, ikajaa wanawake waliokuja kutupa pole. Nilikaa ukumbini na buibui langu nikisikiliza kila mtu akimtaja marehemu kwa lake: huyu alifundishwa naye kupika mkate wa sinia, yule aliozeshewa binti kwa mikono yake. Mwanamke mmoja nisiyemjua, sahani ya pilau mapajani, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo, "Sukari tu, maskini. Siku hizi nani hana sukari?" Wenzake wakaitikia kwamba ni amri ya Mungu. Nikanyanyuka nikaenda jikoni, maana ningebaki pale ningesema neno lisilofaa matangani. Amri ya Mungu siikatai. Lakini kuna kazi ya watu pia, na mimi niliiona ikifanywa vibaya, na niliiona ikiachwa bila kufanywa, mwaka ule nilioishi katika nyumba hiyo nikiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, Khala akinisindikiza kupimwa.

Nilikuwa nikifundisha chekechea, na nilikuwa nimeposwa na Athman, kijana wa Shela aliyeuza vipuri vya pikipiki. Kwa nini niliishi kwa Khala na si kwa mama ni habari ndefu isiyohusika hapa. Chumba changu kilikuwa kile cha ndani, dirisha likitazama ua ambako Khala alikaanga mahamri asubuhi, na mlangoni palikuwa na pazia tu, hivyo kila lililosemwa ukumbini nililisikia na kila nililofanya chumbani lilijulikana. Ndivyo Khala alivyojua, bila kuambiwa, kwamba sikuwa nimeziona siku zangu tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. "Sioni vitambaa vyako kambani," aliniambia akinimiminia chai. "Una nini?" Nikamwambia sijui, na kweli sikujua. Tangu nilipovunja ungo, siku zangu zilikuja zilipotaka zenyewe na kutoweka zilipotaka. Kidevuni ziliota nywele ngumu ambazo Khala alining'oa kwa uzi kila wiki, nimelaza kichwa mapajani pake na machozi yananitoka. Mwili ulinenepa hata niliposhinda na uji mtupu. Nilidhani ndivyo nilivyoumbwa, basi. Khala ndiye aliyesema twende tukapime, na mimi nikakubali kwa wepesi, nikidhani kupimwa ni kwenda asubuhi na kurudi mchana na jibu.

Kwenye zahanati ya kwanza daktari, kijana mwenye miwani, hakuniuliza neno. Nilipotamka tu kwamba siku zangu zimekatika, alinisukumia kikopo cha plastiki. "Mkojo." Nikarudi nacho nimekifunika kwa kiganja, nikipita mbele ya benchi lililojaa watu walionijua mimi na wanaomjua Athman. Majibu yakatoka kwamba sina mimba. Daktari akanitazama kama mtu aliyedanganywa. "Turudie baada ya wiki mbili," akasema. "Huenda ni mapema." Khala, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia na mkoba wake. "Mwanangu, huyu ni mwari. Hajaolewa." Yule kijana akajibu kwa upole kabisa, "Ndiyo maana tunarudia, mama." Tukarudia. Sikuwa na mimba. Tukaenda zahanati ya pili, nako wakanipa kikopo. Ya tatu, kikopo, kisha sindano juu ya sindano, bila kuniambia damu ile wanaitafutia nini. Nadhani mwaka ule nilipimwa mimba mara nyingi kuliko wanawake wengi waliozaa, na kila mara niliporudi kwenye benchi niliona macho yakishuka tumboni mwangu na kupanda tena usoni. Leo ninapowasikia vijana wakisema watu hawapendi kwenda hospitali kwa ujinga, huwa nauma midomo. Wengine tulikwenda. Tulikwenda mno.

Hatimaye tukafika kliniki moja kubwa, yenye daktari chini na maabara juu. Huyu daktari alikuwa mtu mzima, mwenye sauti nzito, na alitaja homoni, neno nililolisikia kwa mara ya kwanza likihusishwa na mimi. Akaandika vipimo, nikapanda ngazi nikiwa na furaha ya kijinga. Maabarani nilimkuta Dama, mama wa makamo kutoka Jilore, aliyeninyooshea kiti na kuniuliza siku zangu zilianza lini. Nikamwambia. Akatua kalamu. "Homoni hizi hupimwa siku ya tatu ya hedhi, mwanangu. Ukiona damu, hesabu, siku ya tatu uje." Nikamwambia, "Lakini mimi sipati hedhi. Ndilo lililonileta." "Basi ukipata." "Na nisipopata?" Dama akaigeuza karatasi ya daktari kana kwamba jibu limeandikwa kwa nyuma. "Daktari ameandika siku ya tatu," akasema. Nikateremka kwa daktari nikamweleza. Alikuwa anakula chungwa. "Hayo maabara wanayajua," akasema. Nikapanda tena. Dama akaniambia pole, na najua alimaanisha, maana alinishika bega. Lakini sindano hakunichoma, na mpira wa kufungia mkono ukabaki pale mezani ukinitazama. Khala alipoona ninashuka bila pamba mkononi, aliuliza kwa sauti iliyosikika barabarani, "Kwani wanataka uwe mzima ndipo wakupime ugonjwa?"

Basi tukaanza kungoja. Kila asubuhi Khala aliniuliza, "Bado?" kama mtu anayeulizia mgeni aliyeahidi kuja, na mimi nilijibu, "Bado," tukaendelea kula. Wiki zikawa miezi. Alinipikia uji wa pilipili manga, alinichemshia mdalasini, aliniletea mizizi michungu iliyofungwa kwa kanga kuukuu. Shuleni watoto walikuwa wakiimba namba na kila walipofika tatu mimi nilikunja uso. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mfungo wa Ramadhani, na nilitaka kujua nina nini kabla ya kuingia nyumba ya watu. Halafu siku moja, mwisho wa Ramadhani, damu ikaja. Nilifurahi nikamkumbatia Khala jikoni, mikono yake imejaa unga. Tukahesabu pamoja. Siku ya tatu ilikuwa Idi. Nilikwenda hata hivyo. Nilivaa nguo yangu mpya, nikapita katikati ya watoto wenye puto na bunduki za maji, nikasimama mbele ya mlango wa kliniki uliofungwa kwa kufuli na mnyororo. Mlinzi akaniombea Idi njema. Nikamjibu, nikarudi nyumbani, na biriani ya siku ile sikuijua ladha yake.

Nilipomrudia daktari baada ya sikukuu, alinisikiliza akiwa ameegemea kiti, kisha akajipiga kipaji cha uso. "Kuna vidonge vya kuiteremsha hedhi. Ukivimaliza, damu inakuja yenyewe ndani ya siku chache." Akaandika kwa mstari mmoja. Khala alimkodolea macho. "Vilikuwepo tangu mwanzo, daktari?" "Vimekuwepo siku zote, mama." Sikumbuki tulivyotoka mle chumbani. Nakumbuka tu Khala akiwa barabarani, amesimama kwenye jua, anakunja na kukunjua karatasi ya dawa na kusema, si kwangu wala kwa mtu, "Vimekuwepo siku zote."

Vidonge vikafanya kazi, Dama akanitoa damu siku ya tatu, na chupa zikapelekwa Mombasa, kwa sababu mashine ya kupimia homoni hizo haikuwepo Malindi. Majibu yalipokuja daktari alinyoosha karatasi kwenye mwanga wa dirisha akatabasamu. "Homoni ya kiume iko chini sana. Huna tatizo." Akanipa nisome mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Jina langu lilikuwepo, Rukia, limeandikwa sawasawa. Chini ya jina, penye jinsia, paliandikwa mwanamume. Na kando ya tarakimu yangu walikuwa wameweka kiwango cha kulinganishia, nacho kilikuwa cha wanaume. Nywele za kidevuni Khala alikuwa amening'oa jana yake, na bado nilijikuta nafunika kidevu kwa mtandio. "Daktari, hapa wameniandika mwanamume." Akaangalia. "Hilo ni kosa la kuandika. Damu ni ile ile." "Lakini wamenilinganisha na wanaume. Mwanamke yeyote akipimwa kwa kipimo cha mwanamume ataonekana yuko chini." Tabasamu likaisha. "Wewe ni mwalimu au daktari?" akaniuliza. Kisha akalainika, kama mtu anayemtuliza mtoto: "Sikiliza. Punguza mwili. Olewa. Ukizaa, haya yote yatakwisha." Nikapanda juu kwa Dama. Alipiga simu Mombasa mbele yangu, akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja. Waliosajili chupa walidhani anayepimwa homoni hiyo lazima awe mwanamume. Kubadilisha jinsia kwenye karatasi hawaruhusiwi bila kupima upya, na damu imekwisha kutupwa. "Wanataka nyingine," akasema, na hakuweza kunitazama. "Siku ya tatu."

Wakati huo maneno yalikuwa yamekwisha kufika Shela. Alasiri moja nilikuwa chumbani nikisahihisha madaftari ya watoto niliposikia sauti ya Bi Mwanaesha, mamake Athman, akipiga hodi, na Khala akimkaribisha na kuweka kahawa. Waliulizana hali kwa muda mrefu, moja baada ya moja, mpaka nikajua kwamba kilichomleta ni kizito. "Zuhura," hatimaye akasema, "watu wanasema binti yenu anapimwa mimba kila zahanati." Khala akajibu, "Waseme basi na majibu yalivyotoka." "Haya. Hana mimba. Je, atapata?" Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni ingawa kahawa ile haikuwa na sukari. "Mimi sina ubaya," Bi Mwanaesha akaendelea. "Athman ndiye mwanangu wa pekee. Nataka karatasi ya maabara tu. Iandikwe kwamba huyu msichana anazaa. Mkinipa karatasi, kesho tunatangaza harusi." Nikangoja Khala aseme neno, maana Khala hakuwa mtu wa kukosa neno. Hakusema. Nikafungua pazia nikatoka. "Shikamoo, Bi Mwanaesha." "Marahaba, mwanangu." "Karatasi hiyo haipo. Hakuna maabara inayomwandikia mwanamke yeyote kwamba atazaa. Ingekuwepo ningekwisha kuipata, kwa damu walizonitoa." Kisha nikasema lililofunga kila kitu: "Na Athman, amepimwa?" Akaweka kikombe chini taratibu. "Mwanangu ana kasoro gani mpaka apimwe?" Akajitanda buibui na kutoka bila kuaga.

Athman alinipigia simu kabla ya magharibi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Ungenyamaza tu, Rukia. Mtafute mtu pale maabara akuandikie chochote, hata cha uongo. Mama atulie, tuoane." Nikamwambia kwamba nimehangaika miezi yote hii kutafuta ukweli wa mwili wangu, naye ananitaka ninunue uongo wake. Akasema ninakuza mambo. Vitu vya posa vikarudi kwao kwenye sinia lile lile vilivyokuja nalo. Nilijua Khala angenikaripia kwa kumjibu mtu mzima, nikakaa jikoni kumsubiri aanze. Alikuwa anamenya kitunguu saumu. Alimenya mpaka akamaliza, akasema, "Umesema vizuri. Mimi sikuwahi kusema," na akainuka kuchota maji.

Mwisho wa mwaka, mwalimu mwenzangu alinieleza habari za daktari mwanamke huko Kilifi. Nilikataa. Nilikuwa nimechoka kunyoosha mkono. Khala akanilazimisha, akatangulia mlangoni amebeba mkoba wangu, nikaona haya kumwacha aende peke yake. Chumba cha yule daktari kilikuwa kidogo, feni ikilia juu, na dirishani mtu aliona kreki, mkono ule wa bahari, na upande wa Mnarani ng'ambo. Nilimwekea mezani karatasi zangu zote. Akazisogeza kando. "Hizo nitazisoma baadaye. Kwanza niambie wewe." Akaniuliza nilivunja ungo lini, na siku zilikuwaje mwaka wa kwanza, wa pili, nywele zilianza lini na ziliota wapi, nani kwetu ana sukari. Aliniomba ruhusa akatazama kidevu, shingo na tumbo. Kisha akazisoma karatasi, akatoa zile za tezi ya shingo na homoni ya maziwa, akasema hizo ziko sawa na zina faida, kwa kuwa zimeondoa magonjwa mengine yanayofanana na hili. Ile iliyoniandika mwanamume aliitazama kwa muda, akaigeuza kifudifudi. "Una tatizo la ovari," akasema. "Mayai hayakomai kwa wakati, yanabaki kama vijifuko vingi vidogo, na homoni za kiume zinazidi kiasi. Wanawake wengi wanalo. Halizuii moja kwa moja kuzaa, na halikutoka kwa dhambi yoyote." Nikamuuliza amejuaje bila kunitoa damu. "Siku zisizokuja na nywele hizi, baada ya magonjwa mengine kuondolewa, zinatosha kunipa jina. Vipimo vinasaidia, lakini hadithi yako ndiyo iliyonionyesha."

Nililia, na watu wakinisikia nikisimulia hudhani nililia kwa faraja. Nililia kwa hasira. Mwaka mzima nilikuwa na hadithi hiyo mdomoni, niliibeba kutoka benchi hadi benchi, na kila mtu alitaka mkojo wangu na damu yangu, hakuna aliyetaka maneno yangu. Daktari alinipa kitambaa, akangoja, kisha akasema kipimo kimoja anakitaka kwa kweli nacho ni cha sukari, kwa kuwa tatizo hili huikaribisha. Kwa mazoea nilikuwa nimekwenda bila kula. Nikanyweshwa maji matamu ya kukata koo na kutolewa damu kabla na baada. Wakati tunangoja, daktari akamgeukia Khala. "Na wewe, mama, umewahi kupimwa sukari?" Khala akacheka kidogo, akasema yeye ni msindikizaji tu. "Nipe mkono hata hivyo," daktari akamwambia. Khala alikunja mkono wa kanzu yake polepole, na sindano ilipoingia hakugeuza uso kama mimi. Aliitazama damu yake ikipanda kwenye chupa kwa makini, kama mtu anayeonyeshwa kitu chake kilichokuwa kimefichwa.

Tulikula kwenye mkahawa karibu na soko, viazi vya karai na sharubati ya ukwaju. Mimi nilikuwa bado nafoka, nahesabu wote walionichoma na wote walioniangusha. Khala alikuwa anachovya kiazi kwenye chatine na hakukitia mdomoni. "Siku zangu zilikuwa kama zako," akasema. "Uzi ule wa kung'olea nywele, unadhani nilijifunzia kidevu cha nani? Changu. Nilipoolewa Mambrui walinifukiza, wakanisomea, wakanifunga hirizi kiunoni. Nikaachwa. Nikaolewa tena hapa mjini, nikaachwa tena. Waliniita tasa mbele yangu, nami nikaitika." Akasogeza sahani. "Wewe unalia kwamba wamekutoboa sana, Rukia, na una haki. Lakini mimi hakuna aliyewahi kunitoboa. Katika watu wote wale, hakuna hata mmoja aliyesema, hebu huyu naye akapimwe." Nilitaka kumshika mkono. Alikuwa ameuficha chini ya meza, ule wenye pamba.

Yangu yalikwenda hivi. Nilipewa dawa, siku zangu zikajifunza kuja kwa wakati, na baada ya miaka niliolewa na mtu wa Takaungu aliyekubali sote wawili tupimwe, tukapata binti mmoja baada ya kungoja sana. Athman aliozwa mwaka mmoja tu baada ya posa yetu kuvunjika. Wasichana wa chekechea niliowafundisha wakiwa wadogo hunijia sasa wakiwa wakubwa, wengine na karatasi mikononi, na bado wapo wanaopewa kikopo kabla ya kuulizwa neno. Khala aliishi na sukari miaka mingi, ikimla miguu kwanza, kisha figo, na mwishoni nilikuwa mimi ninayebeba mkoba.

Lakini siku niliyoikumbuka jikoni, wanawake wakimaliza pilau yao ukumbini, ni ile niliyorudi peke yangu kutoka Kilifi na majibu. Khala alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwambia yangu iko mpakani, nitajitunza. Nikamwambia yake iko juu sana, na kwamba daktari anadhani imekuwa juu kwa muda mrefu bila mtu kujua. Aliitikia kwa kichwa, kama anayeambiwa habari za jirani. Kisha akauliza, "Na ile nyingine? Nilikutuma umuulize kama mimi pia ninayo ile ya ovari." Nilikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimetafuta njia nzuri ya kulisema jibu, na sikuipata. "Amesema kwako haiwezi kujulikana tena, Khala. Ukishakoma hedhi, vipimo vile havisemi kitu, na magonjwa mengine hayawezi kuondolewa tena. Wakati wake umepita."

Akaendelea kupepeta, mawe upande huu, mchele upande ule. "Ulipita lini?" akaniuliza. "Mbona mimi nilikuwepo."